Nani Ameondoa Zaidi? Rekodi za Hoteli za Mjini

Februari 2018 hoteli ya Gevora ilifunguliwa Dubai ikiwa na urefu wa mita 356. Ilimvua taji jirani yake wa barabara hiyohiyo ya Sheikh Zayed, JW Marriott Marquis, mwenye mita 355. Tofauti ni mita moja tu. Gevora ikatamba kwa miaka saba na ushee, mpaka Novemba 2025 ilipofunguliwa Ciel kule Dubai Marina, mita 377, ghorofa 82, vyumba 1,004. Muda wote huo mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Dubai amekuwa akilala zake Deira, katika hoteli ambayo hakuna aliyewahi kuhangaika kuipima urefu. Anachotaka ni shuka safi, lifti inayofanya kazi na mfungasha mizigo aliye hatua chache kutoka mlangoni.

Rekodi za ukubwa zina tabia hiyo ya kumsahau mlalaji. Hoteli yenye vyumba vingi kuliko zote duniani iko Malaysia, milimani Genting: First World Hotel, vyumba 7,351, imo katika kitabu cha Guinness tangu 2015. Wageni wote wakipata usingizi siku moja, ni mji mdogo umelala. Kwa bei, hoteli ya Palms ya Las Vegas ilizindua mwaka 2019 makazi yaitwayo Empathy Suite, yaliyobuniwa na msanii Damien Hirst, kwa dola 100,000 usiku mmoja, na sharti la kulipia siku mbili. Ndani yake mna papa wawili waliohifadhiwa kwenye formalini. Kama kifungua kinywa kimo kwenye bei, sikuuliza.

Mashindano ninayoyafuatilia mimi ni mengine, na hayana jaji wala cheti. Yanahusu hoteli ndogo zenye sura yake, ambazo siku hizi tunaziita hoteli za butiki, hasa zile ambazo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kulala London au New York bila kurudi nyumbani na deni. Hoteli hizo hazishindani kwa kuongeza. Zinashindana kwa kuondoa: nani amepunguza ukumbi, kabati, korido, dawati la mapokezi, hata dirisha, na mgeni bado akaondoka akiwaonyesha rafiki zake picha?

Nyota hazitakusaidia hapa. Hakuna chombo kimoja duniani kinachogawa nyota za hoteli. Kila nchi ina vigezo vyake, na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina vya kwao vya pamoja. Ile sifa ya "nyota saba" ya Burj Al Arab haikutoka serikalini, ilianzia kwa mwandishi wa habari aliyealikwa kuitembelea, na hoteli yenyewe kwenye makaratasi ina nyota tano. Zaidi ya hayo, nyota kwa kawaida ni hesabu ya vitu vilivyopo: bwawa, lifti, mgahawa, huduma ya chumbani usiku kucha. Hoteli iliyoamua kuviacha hivyo ili bei ishuke inaingia kwenye mtihani ikiwa imeshafeli.

Bingwa wa kwanza wa mchezo huu alianza kwa kuongeza. Mwaka 1829 Boston ilipata Tremont House, hoteli ya msanifu Isaiah Rogers, ambayo ilimpa mgeni mambo mawili mapya: chumba chake peke yake chenye kufuli, na kipande cha sabuni bila kulipia. Vyoo vilikuwa 8, vyote ghorofa ya chini. Kwa karibu miaka themanini baada ya hapo, hata mgeni wa heshima aliweza kujikuta anatembea koridoni na taulo begani.

Aliyemaliza safari hiyo ya koridoni ni Ellsworth Statler. Hoteli yake ya Buffalo, jimbo la New York, iliyofunguliwa 1908, inahesabiwa kuwa hoteli kubwa ya kwanza ambamo kila chumba kilikuwa na bafu lake, vyumba 300, bei ikianzia dola moja na nusu. Siri ilikuwa ndani ya ukuta. Statler alipanga mabafu mawili mawili yakipeana mgongo, kisha akayapanga juu ya mengine ghorofa kwa ghorofa, mabomba yote ya maji safi na maji taka yakapita kwenye mfereji mmoja wa wima kutoka chini hadi juu. Mabomba marefu ya kuzunguka jengo yakaondoka, na fundi aliyekuja kurekebisha alifungua sehemu moja tu. Fedha iliyookolewa ndiyo iliyonunua mabafu. Ukiona leo kibao cha gesti Kahama au Morogoro kimeandikwa "vyumba vyote self", unasoma tangazo la Statler. Na si bafu tu. Aliweka swichi ya taa karibu na mlango ili mgeni asipapase gizani, na tundu la ufunguo juu ya kitasa badala ya chini ili mkono usilizibe. Mambo haya hayana gharama, yanataka mtu aliyewahi kufikiria mgeni anaingiaje chumbani saa sita usiku akiwa na mabegi. Hoteli mpya kadhaa za miji yetu bado hazijamfikiria.

Nani alikuwa wa kwanza kufungua hoteli ya butiki? Hapo ugomvi hauishi, na majina ni matatu. Anouska Hempel alifungua Blakes huko South Kensington, London, mwaka 1978, katika nyumba za enzi ya Victoria zilizounganishwa, kila chumba na rangi zake. Bill Kimpton, mtu wa mabenki, alifungua Bedford mjini San Francisco mwaka 1981. Kisha Ian Schrager na Steve Rubell wakafungua Morgans, barabara ya Madison, New York, mwaka 1984. Kwa kalenda, mshindi ni Blakes. Kwa bei, mimi nampa Kimpton. Yeye alinunua majengo ya zamani yaliyochoka katikati ya mji, akaachana na kumbi za harusi na mikutano zinazokaa tupu siku nne kwa wiki, mgahawa akauendesha kama biashara inayojitegemea yenye mlango wake barabarani, na jioni akawaalika wageni glasi ya mvinyo sebuleni, karibu na moto. Mapato ya vyumba tu ndiyo yaliyopaswa kulipa jengo.

Lakini kwa kuigwa, hakuna aliyeifikia Morgans, na hadithi yake ni tamu kuliko zote. Schrager na Rubell ndio waliokuwa wenye Studio 54, ukumbi wa disko uliofunguliwa 1977 na kuitikisa New York, kisha wakafungwa jela kwa kukwepa kodi. Walipotoka hawakuwa watu ambao benki huwakimbilia. Walichukua hoteli kuukuu na kumwita Andrée Putman kutoka Paris, mbunifu wa mambo ya ndani ambaye alipewa bajeti finyu. Bafuni akatumia vigae vidogo vya bei ya chini, vyeupe na vyeusi, akavipanga kama ubao wa drafti kuanzia sakafuni kwenda juu. Kazi ya picha ukutani wakampa Robert Mapplethorpe. Nje hawakuweka hata kibao cha jina. Mwenye kujua alijua. Rubell alifariki 1989, Morgans ilifungwa 2017, lakini vile vigae vya mraba mweusi na mweupe vimesambaa katika mabafu ya hoteli na migahawa ya mabara yote, mara nyingi siku hizi kwa bei ambayo Putman asingekubali kulipa.

Tukija kwenye udogo, Japani haina mpinzani. Mwaka 1979 ilifunguliwa Capsule Inn, kazi ya msanifu Kisho Kurokawa, katika eneo la Umeda, Osaka, kwa ajili ya wafanyakazi wa ofisini waliochelewa treni ya mwisho. Kila mgeni alipewa kasha la urefu wa mita mbili hivi, upana na kimo mita moja hivi, lenye taa na redio, na bafu la pamoja. Aliyesoma shule ya bweni Afrika Mashariki hahitaji maelezo zaidi, isipokuwa kwamba huku hakuna kiranja. Kwa miaka mingi kasha lilikuwa jambo la dharura, la kuficha kidogo. Nine Hours ya Kyoto, iliyofunguliwa 2009 kwa ubunifu wa Fumie Shibata, ndiyo iliyolivalisha vizuri. Jina ni hesabu: saa moja ya kuoga, saba za kulala, moja ya kujitayarisha. Makasha meupe ya mviringo, alama kubwa sakafuni badala ya wahudumu wa kukuelekeza, na karibu hakuna kingine. Watu walianza kulala humo kwa kutaka.

Wanaopenda wembamba watakutajia Eh'häusl, nyumba ya mwaka 1728 katika mji wa Amberg, Ujerumani, yenye upana wa mita 2.5. Inasimuliwa kwamba zamani halmashauri ya mji ilimruhusu kuoa mwenye nyumba tu, basi wachumba wakawa wanainunua, wanafunga ndoa, wanawauzia wachumba wanaofuata. Leo ni hoteli ya wageni wawili, basi. Mpinzani wake ni PituRooms ya Salatiga, Indonesia, ya msanifu Ary Indra, iliyofunguliwa mwishoni mwa 2022 kwenye kiwanja ambacho wengi wangekiona ni uchochoro: mita 2.8, ghorofa tano, vyumba saba. Utepe wa kupimia unaipa ushindi Amberg. Mimi ningeipa Salatiga, maana nyumba ya wageni wawili ni nyumba ya kupanga yenye historia nzuri, wakati vyumba saba, lifti na baa ndani ya mita 2.8 ni uhandisi.

Mji mkubwa hata hivyo hauhitaji uchochoro. Unahitaji vyumba mia tatu vya bei moja, vizuri, katikati ya mji. Rekodi inayonivutia kuliko zote hapa ni ya citizenM, iliyoanzia uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, mwaka 2008. Mwanzilishi wake, Rattan Chadha, alitoka kwenye biashara ya nguo. Ndiye aliyeanzisha Mexx. Chumba cha citizenM kina takriban mita 14 za mraba na hutengenezwa kiwandani kama kontena, bafu likiwa limeshafungwa ndani, kisha hupelekwa kiwanjani na kupandishwa kwa kreni. Msingi unachimbwa huku, vyumba vinaunganishwa kule, na miezi ya kulipia mkopo bila kuingiza chochote inapungua. Hoteli yao ya Bowery, New York, iliyofunguliwa 2018, ilijengwa kwa vyumba vilivyotengenezwa Poland na kuvushwa Atlantiki kwa meli. Kwa ghorofa zake 21 ilikuwa hoteli ndefu kuliko zote za aina hiyo Marekani siku ya kufunguliwa.

Ndani, kitanda kimebanwa ukuta hadi ukuta chini ya dirisha kubwa. Kabati la nguo hakuna la maana, begi linasukumwa uvunguni. Dawati la mapokezi nalo limeondolewa, unajisajili kwenye mashine na mfanyakazi yuko pembeni ukikwama. Kilichookolewa kimewekwa mahali pawili: kwenye godoro, na kwenye sebule ya chini yenye viti vya Vitra, vitabu na sanaa, ambako unakaa na kompyuta mpaka usiku bila mtu kukuuliza unaagiza nini. Kasoro moja hawaisemi kwenye matangazo: mkilala wawili, aliye upande wa ndani akitaka kwenda chooni usiku lazima ampande mwenzake au ateleze mpaka miguuni. Ndoa changa itavumilia. Mwaka 2025 Marriott walilinunua jina hilo kwa dola milioni 355, kwa hiyo wenye minara nao wamekubali kwamba udogo unalipa.

Waliokwenda mbali zaidi kwa kuondoa hawakubaki na uzuri. easyHotel ilipoanza South Kensington mwaka 2005, ikiwa ndugu wa ndege za easyJet, chumba cha bei ya chini kabisa kilikuwa na mita 6 hivi za mraba na hakikuwa na dirisha. Kutazama televisheni ulilipia. Tune ya Kuala Lumpur, iliyofunguliwa 2007 na mwenye AirAsia, Tony Fernandes, iliuza chumba kitupu na kukuongezea taulo na saa za kiyoyozi kama ndege inavyouza begi. Ni uaminifu wa aina yake, sikatai. Lakini jumlisha taulo, kiyoyozi na intaneti, halafu linganisha tena na hoteli ya jirani.

Dirisha ndilo swali la kwanza ninalomshauri msafiri aulize, maana London bado kuna vyumba vingi visivyo nalo, na picha za kona huficha. Swali la pili ni mita za mraba. Msafiri wa Ulaya anakuja na begi la mgongoni; sisi tunakuja na masanduku mawili ya kilo 23, na tunarudi nayo yamejaa zaidi. Chini ya mita 10 za mraba, watu wawili na masanduku manne, mmoja lazima asimame kitandani ili sanduku lifunguliwe. La tatu ni siku ya juma: katika mitaa ya mabenki, kama City ya London, bei hushuka Ijumaa watu wa ofisini wanapoondoka, wakati mitaa ya starehe inapanda siku hiyohiyo. Ukihamia mitaa ya mabenki kwa siku hizo mbili za mwisho wa wiki umeshafidia nauli ya treni ya wiki.

La nne ni kodi, na hapa Amsterdam iliweka rekodi. Tangu 2024 inatoza asilimia 12.5 ya bei ya chumba kama kodi ya watalii, iliyokuwa kubwa kuliko zote Ulaya ilipoanza. Chumba cha euro 120 kinakuwa na euro 15 juu yake, na mara nyingi unazikuta mapokezini, si kwenye bei uliyoipenda usiku ukiwa kwenye simu.

Bei nafuu yenye sura nzuri haidumu pia. The Jane, Manhattan, ilijengwa 1908 kwa ajili ya mabaharia, vyumba vyake vikiwa na vipimo vya kabini za meli, chini ya mita 5 za mraba. Mwaka 1912 walilala humo mabaharia walionusurika na Titanic. Karne moja baadaye, 2008, ilifunguliwa upya ikiwa na kitanda chembamba, mbao za kahawia, droo chini ya godoro na bafu koridoni, kwa bei chini ya dola 100, katika mji ambao chumba cha kawaida kilikuwa mara tatu yake. Yaani Manhattan ilirudi kwenye taulo begani na ikapenda! Mwaka 2022 jengo liliuzwa, na sasa ni klabu ya wanachama.

Kwetu kuna mahali ambapo sheria ndiyo inayozuia kuongeza. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, kwa hiyo mwenye nyumba ya mawe anayetaka hoteli hawezi kuota mnara wala kubomoa ukuta wa mbele. Anabaki na alichopewa: kuta nene zinazozuia joto, uwazi wa katikati unaovuta hewa, na paa. Emerson on Hurumzi, nyumba iliyokuwa ya tajiri Tharia Topan, inajulikana kwa paa lake, kati ya mapaa ya juu kabisa ya Mji Mkongwe, ambako wageni hula wakiwa wameketi chini kwenye mito huku jua likizama. Kufika huko ni ngazi za mbao zenye kuhitaji goti zima. Ukivuka bahari na kwenda kwenye miji mikubwa ya bara, mwelekeo ni kinyume: viti vya dhahabu mapokezini, chandarua cha harusi, pazia la tabaka tatu, na godoro ambalo mgongo unalijua kabla ya alfajiri. Fedha ya godoro iko kwenye viti.

Limebaki jambo moja la kuondoa, na Wajapani walilijaribu. Mwaka 2015 Henn na Hotel ilifunguliwa Nagasaki na kutambuliwa na Guinness kuwa hoteli ya kwanza duniani kuhudumiwa na roboti. Mapokezini alisimama dinosaria mwenye kofia. Kila chumba kilikuwa na mwanasesere aitwaye Churi wa kujibu maswali na kuzima taa. Mgeni akikoroma, Churi alidhani anaagizwa kitu, akamwamsha na kumwambia hajamsikia vizuri, arudie. Akirudi usingizini na kukoroma tena, anaamshwa tena. Wafanyakazi nao walilalamika kwamba wanatumia muda mwingi zaidi kurekebisha roboti kuliko kuwahudumia watu, na kufikia 2019 hoteli ilikuwa imestaafisha zaidi ya nusu ya roboti zake 243, Churi akiwamo.